Kazi ya Kuomba Maji ya Moto

Siku mliyoniaga mlinipa kitenge, keki na saa ya ukutani. Kitenge nimeshashona, keki tuliimaliza palepale, na saa nimeitundika sebuleni kwangu hapa Same, ingawa mpaka leo sijaelewa mtu aliyestaafu anapewa saa ya nini. Kisha mkuu wenu, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika dodoso, akaniomba niwaandikie ninyi wadodosaji kurasa chache kuhusu namna ya kuwauliza watu habari za kazi, kipato na umaskini. Alisema ziwe na mafunzo ndani yake. Nitajaribu, lakini kazi hii niliifanya kwa miguu, na mtu aliyefanya kazi kwa miguu hukumbuka njia kuliko mafunzo.

Vyeo vyangu mnavijua, havikuwa vingi. Mshahara sisemi. Maisha yangu yote nimewauliza watu vipato vyao, na sijawahi kupenda mtu aniulize changu.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Bendera, kule tambarare, wakati wa jua kali. Mimi ni mtoto wa milimani, nimelelewa kwenye ukungu, na kufikia saa nne asubuhi nilishajuta kwa nini sikusomea ualimu. Nilikuwa nimepewa ubao wa kuandikia, penseli mbili, kifutio nilichokifunga kwa uzi kisipotee, na mfuko wa nailoni wa kufunika madodoso mvua ikinyesha. Mvua ilikuwa haijaonekana Bendera kwa miezi, lakini ofisi ilikuwa imejiandaa.

Msimamizi wangu alikuwa Mzee Zefania, mtu wa Ugweno, aliyewahi kufundisha elimu ya watu wazima. Alikuwa mwembamba, mpole, na hakuwa na haraka na jambo lolote. Nyumba ya kwanza tulimkuta mama mmoja amekaa kizingitini, miguu imejaa tope hadi magotini. Nikamsalimia, nikafungua dodoso, nikamsomea swali kama lilivyoandikwa: katika siku saba zilizopita, je, umefanya kazi yoyote?

"Sina kazi, dada. Nipo tu nyumbani."

Nikaandika kwamba hana kazi. Mzee Zefania akakohoa.

"Mama, samahani. Hilo tope ni la wapi?"

"Aa, hili? Hili la shamba la mpunga la watu, baba. Tunapalilia toka Jumatatu. Lakini hicho ni kibarua tu, siyo kazi."

Nikakitafuta kifutio changu. Ndipo nilipojua kwamba kwa watu wetu kazi ni ile yenye barua. Mtu anaweza kuinama kwenye maji ya watu siku saba, mgongo ukagoma kunyooka, na bado akakwambia yupo tu. Toka siku hiyo sikuuliza tena "una kazi?" kabla sijauliza "jana ulishinda wapi?"

Mzee Zefania alikuwa na sigara moja. Nasema moja kwa sababu ilikuwa ileile kwa miezi yote niliyofanya naye kazi, imepauka na kujikunja mfukoni mwake. Tukishakaribishwa na kukaa, huitoa, huiangalia, kisha humwomba mwenye nyumba kaa la moto. Kabla hajaletewa husimama mwenyewe na kusema, "Usisumbuke, nitawasha hukohuko." Huingia jikoni, huinama kwenye mafiga, hukaa humo kwa muda wa kusoma zaburi fupi, kisha hutoka akisema, "Nimekumbuka daktari alinikataza." Na sigara hurudi mfukoni. Hakuwa mvutaji hata kidogo.

Nilipomuuliza, alinieleza tukiwa tumekaa kivulini tunakula mihogo. Maana ya kaya mnaijua: watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. "Kuishi pamoja utaambiwa," alisema. "Kula chungu kimoja kaangalie mwenyewe. Mdomo una aibu, binti. Jiko halina."

Alipostaafu nilitaka kurithi njia yake, lakini mwanamke mwenye sigara kwenye miji ya Walutheri angefukuzwa kabla ya swali la kwanza. Basi nikabuni kifua. Nilitembea na majani ya chai niliyoyafunga kwenye kikaratasi, na nikifika mahali nilikohoa kidogo na kusema, "Naomba maji ya moto, mwenzenu nina kifua." Kwetu hakuna mama atakayemnyima maji ya moto mtu anayekohoa. Nami nilisema, "Usisumbuke, nitachemsha hukohuko," nikaingia jikoni. Kuanzia Bendera hadi Ugweno watu walijua kwamba Mama Maswali, hilo ndilo jina walilonipa, ana kifua kibovu. Usharika mmoja uliwahi hata kuniombea.

Jikoni niliona mengi. Ugweno kulikuwa na mzee mmoja, nadhifu, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, aliyeniambia kwa Kiswahili cha darasani kwamba yeye ni mkulima wa kahawa. Alinitajia na aina ya miche. Nikaenda kuchemsha maji yangu, nikakuta kahawa yenyewe jikoni: alikuwa amekata miti, imepangwa ukutani, na ndiyo iliyokuwa kuni. Nilirudi sebuleni nikamwuliza tena, taratibu, sasa hivi wanaishi kwa nini. Akasema, "Tunaishi kwa ndizi na kwa Mungu." Dodoso lilikuwa na nafasi ya ndizi.

Nimewaambia haya ili mjue kwamba nilijua. Yatakayofuata hayakutokea kwa sababu nilikuwa mgeni wa kazi.

Ilikuwa kabla ya vishikwambi, mwaka tulioandikisha kaya kwa ajili ya mpango mmoja wa msaada. Safari hiyo karatasi zetu hazikuwa za kwenda tu kukaa makabatini. Kaya itakayoonekana haina mtu mwenye kazi wala kipato ingeingia kwenye orodha, na ikiingia ingepata pesa kidogo kila baada ya miezi miwili. Kaya yenye mtu wa mshahara ingeachwa. Nilipangiwa Myamba, milimani, pamoja na mwenzangu wa kazi aitwaye Shabani, mtu wa Singida, ambaye alikuwa bado anashangaa kwa nini barabara zetu zinapanda tu na hazishuki.

Tulifika kwa Eliudi saa za mchana. Eliudi alikuwa mlinzi wa shule, mtu wa makamo, na mshahara wake ulikuwa wa mwezi ingawa mwezi wenyewe uliweza kuwa na siku sitini. Alikuwa na mke, Mama Neema, na watoto wanne. Nyuma ya nyumba yake, ukipita migomba, palikuwa na kibanda cha udongo alimokaa mama yake, Bibi Namkunda, mjane aliyekuwa amepita umri wa kuulizwa umri. Walimwita aje kusalimia wageni. Akaja na kanga safi, mgongo umepinda, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Poleni na mlima."

Niliuliza maswali yangu kwa mpangilio. Nilipofika kwa bibi, nilimwuliza palepale, mwanawe ameketi mbele yangu na mkwewe amesimama na birika.

"Bibi, wewe unakula na hawa?"

Bibi alimwangalia Eliudi. Eliudi aliangalia kalenda ukutani. Mama Neema akaanza kumimina chai kwenye kikombe kilichokuwa kimeshajaa.

"Nitakula wapi kwingine, mwanangu?" alisema bibi. "Chungu chetu ni kimoja."

Nilikohoa, nikatoa kikaratasi changu. "Bibi, naomba maji ya moto. Nina kifua. Twende tu kwako, nitachemsha mwenyewe."

"Pole mwanangu. Maji yapo hapa kwa mkwe wangu. Kwangu leo moto haujawashwa."

Ningeweza kusema, basi twende tukauwashe. Shabani aliniinamia sikioni. "Dada, huyu bibi ana mlango wake na jiko lake. Tumwulize akiwa peke yake."

Shabani alisema kweli. Lakini hakuzaliwa kwetu. Mimi nilijua kwamba mama wa Kipare hamuumbui mwanawe mbele ya wageni, na kwamba mgeni mwenye adabu akishaambiwa neno kama lile haendi kuchungulia jivu. Wanatucheka kwamba Mpare atauza ng'ombe kugharimia kesi ya kuku. Ni kweli tunapenda kesi, lakini za kuku. Kuhusu mama na mwana watu hunyamaza, na mimi nilifundishwa kunyamaza kabla sijafundishwa kusoma. Nikamwambia Shabani, "Acha." Nikaandika watu saba, chungu kimoja, mkuu wa kaya ana ajira.

Nikanywa chai ya Mama Neema, ikiwa na sukari nyingi, nikashukuru, tukaondoka.

Nilirudi Myamba msimu wa tangawizi, wakati wa baridi, kwa kazi nyingine kabisa. Kulikuwa na ukungu asubuhi ile, na kijitoni chini ya barabara wanawake walikuwa wanaosha tangawizi ya dalali, magunia kwa magunia, maji yakiwa ya kuuma mifupa. Mmoja wao alikuwa amepinda kuliko wenzake. Nilidhani ameinama. Nilipokaribia nikaona kwamba hakuwa ameinama, ndivyo alivyokuwa. Alikuwa Bibi Namkunda, mikono imevimba na kuwa myekundu, vidole havikunjiki vizuri.

"Shikamoo bibi. Unafanya nini kwenye maji haya?"

"Marahaba, Mama Maswali. Nipo tu."

Hasira iliyonishika sijui ilikuwa juu ya nani. Nilimngoja amalize. Ujira wake haukuwa pesa. Dalali aliwalipa akina mama wenye nguvu kwa gunia, na bibi, kwa kuwa alikwenda taratibu, alimwachia vipande vilivyovunjika, vile ambavyo lori halivitaki. Alivikusanya kwenye pindo la kanga. "Nikivijaza kibakuli nakwenda navyo sokoni, nabadilisha na unga," alinieleza, kama mtu anayesimulia biashara inayokwenda vizuri.

Nikamsindikiza. Safari hii nilikohoa mlangoni kwake na sikumngojea anikatalie. Aliwasha moto kwa mabua, akapuliza muda mrefu mpaka nikaona haya. Jikoni kulikuwa na mafiga matatu, sufuria moja ndogo, sahani moja, kijiko kimoja. Jivu lilikuwa dogo, la mtu mmoja anayepika mara moja kwa siku na siku nyingine asipike. Ndani ya sufuria kulikuwa na makande ya jana, mahindi matupu, maharage nilihesabu kwa macho nikaacha.

"Bibi," nikasema, "ulinidanganya."

"Nilikudanganya," alijibu, wala hakugeuka.

Akanieleza. Miaka miwili kabla ya hapo Eliudi aliuza kipande cha shamba la tangawizi alichoachiwa bibi na marehemu mumewe. Mtoto mkubwa alikuwa amefaulu, ada ilikuwa inadaiwa, na mshahara wa shule ulikuwa haujaja. Hakumwuliza mama yake. Bibi akaenda kwa wazee wa usharika akalalamika. Eliudi alikuwa mzee wa kanisa, wakamvua uzee, akasimama mbele ya watu wote Jumapili kusomewa kosa lake. Shamba halikurudi. Na tangu Jumapili ile hakuna sahani iliyovuka migomba kutoka nyumba kubwa kuja kwenye kibanda.

"Sasa kwa nini ulimficha mbele yangu?"

Akamimina maji ya moto kwenye kikombe changu, kwa mikono miwili, kwa sababu mmoja haukuweza.

"Nilishamshtaki mara moja," alisema. "Nikaona uso wake pale mbele. Mama hashtaki mara mbili, mwanangu."

Nilimwachia kile kikaratasi cha majani ya chai, na sukari kidogo niliyokuwa nayo. Nilishuka mlima nikijiona mwema.

Ofisini nilieleza kwamba kuna mtu aliyeingizwa kwenye kaya isiyo yake. Walinisikiliza vizuri. Orodha ilikuwa bado kupitishwa na mkutano wa kijiji, kwa hiyo nafasi ilikuwepo. Kilichohitajika ni kwamba siku ya mkutano, mbele ya wanakijiji, itamkwe kwamba Bibi Namkunda hali chungu kimoja na mwanawe, na mkuu wa kaya akubali. Ilikuwa kanuni nzuri, iliwekwa ili watu wasijigawe kaya kwa ujanja. Aliyeitunga hakuwahi kuwa na mama Myamba.

Nilimtumia bibi ujumbe kwa Shabani. Ainue mkono tu, mengine nitasema mimi. Shabani alirudi akasema bibi amesikia, na ameshukuru, na hakusema ndiyo.

Siku ya mkutano watu walijaa uwanja wa shule. Bibi alikaa mbele na kina mama, kwenye majani, na kanga yake ileile safi. Eliudi alisimama nyuma yao na sare yake ya ulinzi. Majina yalisomwa, watu wakaguna kwa mengine na kucheka kwa mengine. Kisha mwenyekiti wa kijiji akauliza kama utaratibu unavyotaka: "Ndugu wananchi, kuna kaya iliyosahaulika?"

Uwanja ule wote walijua. Nawaambia, hapakuwa na mtu asiyejua, kuanzia mwenyekiti mpaka mwuza maandazi. Shabani aliniangalia. Bibi hakuinua mkono, ulibaki ndani ya kanga. Nikainuka nusu kwenye kiti changu, na hapo bibi akanitazama moja kwa moja, akatikisa kichwa mara moja, polepole.

Nikakaa.

Kwa miaka mingi nimesema moyoni kwamba nilikaa kwa ajili ya heshima yake. Sasa nimestaafu, sina cha kuficha. Nusu ilikuwa heshima yake. Nusu ya pili, mkuu wangu wa wakati ule alikuwa amekaa pembeni yangu, na kusema "nilikosea" kulikuwa na maana ya kukiri kwamba mimi, mwanafunzi wa Mzee Zefania, nilijaza kaya bila kuona jiko. Lingetosha neno moja tu. Nililimeza, na orodha ikapitishwa.

Watu walipotawanyika bibi alikuja akanishika mkono kwa vile vidole vyake. "Ahsante mwanangu kwa kunisitiri," alisema. Sijawahi kupewa shukrani iliyoniuma namna ile. Kisha akaniuliza kama bado nakohoa, nikasema kidogo, akasema baridi ya mwaka huu siyo mchezo.

Alifariki kabla baridi haijaisha. Mwenyekiti alinipigia simu. Alisema alikutwa asubuhi, amejikunyata, na jikoni moto haukuwa umewashwa kwa siku mbili. Alikuwa mzee, akasema. Ndivyo tulivyosema wote.

Nilipanda kwenda kuzika. Usharika ulileta masufuria yake makubwa, wanawake wakapika toka alfajiri. Eliudi alichinja ng'ombe. Nilimwona akilia kaburini, mwili wote unatikisika, ikabidi ashikwe. Nilikuwa nimekwenda na nia ya kumchukia na sikuweza kuifanya kazi hiyo vizuri. Viatu vyake vilikuwa vimefungwa na waya, na baadaye nilisikia ng'ombe mwenyewe alikuwa wa mkopo. Baada ya maziko tukagawiwa wali, makande na nyama, kila mtu, hadi wapita njia. Tulikaa chini ya migomba ileile, kati ya nyumba kubwa na kibanda, tukala sote chungu kimoja.

Eliudi alikuja akachuchumaa mbele yangu.

"Mama Maswali, siku ile mlipokuja, uliandika nini kuhusu mama?"

"Niliandika mlichosema."

Alitingisha kichwa. Akaokota jani, akalipasua. "Ungeingia tu," alisema. "Ungeingia jikoni kwake, dada. Mimi nilikuwa nasubiri uingie." Akainuka akaenda kuwahudumia watu.

Hilo ndilo funzo alilotaka mkuu wenu, na kama mna haraka mnaweza kuishia hapo. Kishikwambi chenu ni kizuri, hakikubali uruke swali, na kina picha za setilaiti zinazoonyesha kila paa la Myamba. Lakini hata kibuniwe upya mara ngapi hakitaingia jikoni. Mkiambiwa chungu ni kimoja, ingieni. Mkionekana hamna adabu, bora mwonekane hamna adabu. Mimi nilikuwa na adabu.

Bado kuna jambo moja, na hili silo funzo.

Nilipokuwa naaga, Mama Neema alinifuata mpaka barabarani. Macho yalikuwa yamevimba. Alikuwa amefunika kitu kwa kanga.

"Mama Maswali, kuna mzigo wako. Bibi aliuacha kichwani pa kitanda."

Lilikuwa kopo la bati la maziwa ya unga, la zamani, limefungwa na kitambaa. Nikafungua. Lilikuwa limejaa tangawizi. Vile vipande vilivyovunjika, ujira wake wa kijitoni, ameviosha tena, amevimenya, amevikata vyembamba kwa subira, amevianika juani mpaka vikakauka vizuri. Juu yake kilikuwa kile kikaratasi changu cha majani ya chai. Hakikuwa kimefunguliwa.

"Tulikuwa tumeanza kusalimiana," alisema Mama Neema. "Wiki moja hivi kabla hajatutoka. Nikamkuta anakatakata, nikamwambia, bibi, si ungepeleka sokoni ukapata unga? Akasema hapana, hizi ni za yule dada wa maswali. Ana kifua na anatembea kwenye ukungu, na hana mtu wa kumchemshia. Akija umpe."

Nililishika lile kopo. Lilikuwa na uzito wa unga wa wiki kadhaa, nami nilikuwa mtu wa kupima kipato, niliweza kukadiria.

Mama Neema aliniangalia kwa huruma ya kweli.

"Na kifua chenyewe, dada, sasa kinaendeleaje?"

Sijaumwa kifua tangu nizaliwe. Nikakohoa.